Badiliko Lililobeba Jina Langu

Jumatatu, tarehe tisa ya mwezi wa Septemba, mwaka elfu mbili na kumi na tisa, ndiyo siku ambayo kompyuta ilinitoa katika maisha ya mjukuu wangu, na mkono ulioiamuru ulikuwa wa damu yangu mwenyewe.

Msomaji mpendwa, kama ulinisoma wiki iliyopita, uliniacha langoni nikimfukuza baba wa Kidoti pamoja na mdoli wake wa zawadi. Kama ndiyo kwanza unalishika gazeti hili, usihangaike. Nitakusimulia kwa kifupi, kisha twende pamoja.

Kidoti ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pekee. Baba yake aliwakimbia kabla mtoto hajaota jino. Binti yangu akaenda kufanya kazi nchi ya mbali, akaniachia mtoto pamoja na neno moja: "Mama, yule mwanamume asimguse."

Siku ya kuondoka alirekodi kicheko cha Kidoti, akakifanya kiwe mlio wa simu yake, ili kila atakapopigiwa amsikie mwanawe. Mimi nilimtekenya mtoto, yeye akashika simu. Tulicheka tukilia.

Nami ni mlinzi wa lango katika kituo cha kulelea watoto wadogo, kile tulichokianzisha sisi kina mama wa darasa la kisomo cha watu wazima. Watu huniita Bi Kufuli. Kanuni yetu ni moja tu: mtoto hatoki mpaka picha ya anayemchukua ionekane kwenye ukurasa wa mtoto huyo ndani ya kompyuta. Awe baba, awe mjomba, awe ametumwa na mama mzazi, picha haipo, lango halifunguki. Watu wamenitukana, wamenibembeleza, wengine wameniapiza. Langoni pale sina shemeji wala rafiki.

Picha ya baba wa Kidoti haikuwamo. Nikamfungia. Akaondoka anatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililoninyima raha.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta ikatoa mlio kama mtu aliyekabwa, kisha ikanyamaza. Ofisi ikanuka waya ulioungua.

Tukamwita fundi. Sisi humwita Fundi Pole, kwa sababu hana habari asiyoianza kwa pole, hata ikiwa njema. Akainama, akainusa mashine kama mtu anayekagua maziwa.

"Pole, Bi Mkubwa. Imekufa."

"Na watoto waliomo ndani?"

"Watoto si hao uani? Nawasikia wakipiga kelele."

"Nasema kurasa zao, fundi! Majina, picha, nani amchukue nani."

"Ahaa. Hiyo ndiyo kanzidata. Kama mna bakapu, watafufuka. Kama hamna, pole tena."

Bakapu tulikuwa nayo. Kila Ijumaa karani wetu huchomeka diski ya nje, hunakili kila kitu kama akiba ya siku mbaya, kisha diski hufungiwa kabatini. Karani huyo ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Tulianza kisomo pamoja tukiwa watu wazima na wajukuu, tukagawana dawati moja na kalamu moja. Mimi nikapenda kuandika, yeye akapenda kompyuta. Nilimwonea fahari, sikufichi.

Siku hiyo hakuonyesha furaha kusikia neno bakapu.

"Dada, tunajisumbua bure," akasema. "Tuanze upya. Wazazi wakija jioni tunawapiga picha, tunaandika, yameisha."

"Na nani atatuambia huyu ni mzazi na huyu si mzazi? Kila atakayekuja si atajiita mjomba?"

"Wewe nawe! Watu tunawajua."

"Hata baba wa Kidoti tunamjua."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Fundi Pole akaleta kompyuta nyingine ya kuazima, akachomeka diski yetu. Haikuonekana. Akageuza waya, haikuonekana. Akabadilisha waya, ikawaka taa ndogo ya kijani, nasi tukapiga makofi kama watu walioona mwezi umeandama.

Makofi yalikuwa ya haraka. Kazi ya kurudisha ilianza vizuri, ikafika katikati, ikasimama. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo cha kompyuta.

"Pole. Bakapu hii ya Ijumaa haikumaliza kunakiliwa. Mtu aliichomoa njiani. Ni nusu ya mtu, haina miguu."

Wote wawili tukamgeukia mdogo wangu.

"Nilikuwa nawahi," akasema.

"Unawahi wapi wewe, umri huu?"

"Mambo yangu, Dada. Kwani mtu mzima hana mambo?"

"Makubwa! Fundi, umesikia? Mdogo wangu ana mambo!"

Tukacheka, mimi na fundi. Nilicheka, msomaji. Nakuomba ukumbuke kwamba nilicheka.

Tukarudi kwenye nakala ya Ijumaa ya nyuma yake. Hiyo ilikuwa nzima, lakini mashine ikaikataa katakata. Fundi akakuna kichwa, kisha akagundua kosa ni lake: programu aliyoiweka ilikuwa toleo la zamani, na bakapu yetu ilitengenezwa na toleo jipya, hivyo haikuweza kuisoma. Tukangoja programu mpya ishuke kutoka mtandaoni. Mtandao wenyewe ulikuwa unatambaa. Mdogo wangu alitoka nje na simu yake, akarudi, akatoka tena.

"Una nini leo?" nikamuuliza.

"Kichwa tu."

"Pumzika basi. Mimi nipo."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule. Sasa naielewa. Ni namna unavyomtazama mtu unayemhurumia kwa jambo ulilomfanyia wewe.

Programu ikaingia. Safari hii nakala ikakubali. Majina ya watoto yakapanga mstari, na moyo wangu ukarudi mahali pake. Kisha nikaona palipotakiwa kuwa na picha pana viboksi vya kijivu.

"Fundi! Wazazi wote hawana nyuso!"

"Pole, Bi Mkubwa, usipige ukelele. Kanzidata haibebi picha zenyewe. Inabeba anwani ya mahali zilipokaa. Sasa zimehamia kompyuta nyingine, yenyewe bado inagonga mlango wa nyumba ya zamani."

Akatafuta ndani ya diski, akalipata jalada la picha, akaielekeza kanzidata huko. Nyuso zikachomoza moja baada ya nyingine. Kuna baba mmoja alipigwa picha akipiga mwayo, nasi hatukuwahi kumbadilishia. Nikamwona, nikamshukuru Mungu kwa mwayo ule.

Nikaenda ukurasa wa Kidoti. Picha yangu ilikuwepo, mimi na kilemba changu cha maua, peke yangu. Nikapumua.

"Basi, inatosha," mdogo wangu akasema upesi. "Fundi, chukua vifaa vyako. Wazazi wanakaribia."

"Haitoshi," fundi akajibu. "Hii ni ya Ijumaa ya nyuma. Kila mlichobadilisha wiki nzima iliyopita hakimo. Lakini mna bahati. Mashine iliyokufa ina diski ya pili, na hiyo ni nzima. Ndani yake kuna faili la mabadiliko. Kila jambo mlilofanya limejiandika kwa zamu, pamoja na aliyelifanya. Nikilichezesha juu ya nakala hii, litarudia wiki yenu yote mpaka dakika umeme ulipopiga."

"Utatuchelewesha bure!" Sauti ya mdogo wangu ilipanda, fundi akashtuka.

"Mwache," nikasema. "Cheza, fundi."

Lazima nikueleze jambo hapa. Kwetu, mtu mmoja hawezi kubadilisha ukurasa wa mtoto. Karani huingiza, mlinzi wa lango huidhinisha kwa neno lake la siri. Mmoja akikosekana, badiliko halipiti. Tulipanga hivyo ili asiwepo wa kurubuniwa peke yake.

Mabadiliko yakaanza kupita kwenye kioo, nami nikavaa miwani yangu nikayasoma mwenyewe, kwa sauti, kama darasani.

"Jumatatu. Mtoto mpya ameandikishwa. Ameingiza Karani, ameidhinisha Bi Kufuli. Jumanne. Shangazi ameongezwa. Ameingiza Karani, ameidhinisha Bi Kufuli. Alhamisi. Kidoti. Baba ameongezwa..."

Macho yakaendelea bila mdomo.

Kidoti. Bibi ameondolewa. Ameingiza Karani. Ameidhinisha Bi Kufuli.

"Simamisha!"

Fundi akabonyeza. Kioo kikaganda.

"Huyu Bi Kufuli ndiye nani?" akauliza, masikini, hakujua anachokanyaga.

"Ni mimi."

"Basi umejiondoa mwenyewe, Bi Mkubwa." Akatuangalia mimi na mdogo wangu kwa zamu. Kwa mara ya kwanza hakusema pole.

Neno langu la siri halikuwa limeandikwa popote duniani. Lilikuwa kichwani mwangu, na kichwani mwa mtu mmoja mwingine. Mapema mwaka huo nilipofanyiwa upasuaji wa macho na kulazwa nimefungwa bandeji, nilimvuta mdogo wangu karibu na kitanda, nikamnong'oneza sikioni, ili kazi isilale. Alinilisha kijiko kwa kijiko siku zile. Alinishika mkono kwenda msalani. Nilipopona sikulibadilisha neno lile. Nibadilishe kwa nini? Nimfungie mlango nani, yeye?

"Ni wewe," nikasema.

Akachukua tena kitambaa, akafuta meza.

"Weka hicho kitambaa, nakusemesha!"

"Usinitazame hivyo, Dada."

"Nikutazameje? Uliponiona sina macho, nikakupa ufunguo wangu. Macho yamerudi, ukautumia kunifungia nje!"

"Kwani ungesikiliza? Tangu lini wewe unasikiliza mtu? Ukishasema hapana, hata kuta zinaogopa. Nyumba nzima umeigeuza lango. Ningekuja kukueleza, ungenipiga na hilo kufuli lako."

"Ungejaribu!"

"Nilijaribu. Mara ngapi nimeanza kukutajia baba yake huyu mtoto, ukanyanyuka ukaenda kuosha vyombo?"

Vyombo hivyo niliviosha kweli.

Uani kengele ya kuondoka ikalia. Sauti za wazazi zikaanza kusikika nje ya lango.

Fundi akakohoa. "Bi Mkubwa, samahani. Niendelee au niache hapa?"

"Unaweza kuliruka hilo moja? Hilo tu. Kisha uendelee na mengine."

"Kwa muda tulionao, hapana. Yamefungana kama shanga. Naweza kusimama kabla ya hili, na wewe ukabaki kwenye ukurasa wa mtoto kana kwamba halikutokea. Lakini yote yaliyofuata yanapotea nalo."

"Yaliyofuata ni yapi?"

"Hatutajua mpaka yapite."

Mdogo wangu akainua uso. "Simama hapo hapo, fundi. Mrudishie Dada mtoto wake, na hayo mengine tutayaweka kwa kukumbuka."

Alidhani ananipa zawadi. Nami, msomaji, mkono wangu ulikuwa tayari hewani kusema ndiyo. Nani angenilaumu? Nisingekuwa nimeiba kitu. Ningerudisha haki yangu tu.

Ndipo nikamkumbuka Mama Pacha.

Alikuja Ijumaa asubuhi, kitenge kimekaa upande. Kaka yake alikuwa amewachapa wale mapacha kwa mkanda mpaka wakashindwa kukaa. "Bi Kufuli, nakuomba, mtoe mjomba wao kwenye mashine. Asiwachukue tena." Tukamtoa. Niliidhinisha mimi, kwa mkono wangu halali. Hilo nililikumbuka. Na je, yale nisiyoyakumbuka? Ni mama gani mwingine aliyekuja wiki ile na hofu yake, akaondoka akiamini imekaa salama kwetu?

"Endelea," nikasema.

"Dada!"

"Fundi, nimesema endelea. Mpaka mwisho."

Kioo kikaanza kutembea. Ijumaa. Pacha. Mjomba ameondolewa. Yakafuata mengine mawili ambayo kweli sikuyakumbuka. Kisha kazi ikaisha, na fundi akanifungulia ukurasa wa Kidoti bila kuniuliza.

Kilemba changu cha maua hakikuwepo. Mahali pake lilikuwa lile tabasamu.

Nikachukua ufunguo wangu, nikaenda langoni. Wa kwanza kwenye mstari, usiamini ukipenda, alikuwa mjomba wa mapacha.

"Leo mimi ndiye nimetumwa," akasema.

"Picha yako haipo."

"Ilikuwepo!"

"Haipo."

Akatukana, akapiga teke lango, akaondoka. Mapacha wakamchungulia kutoka nyuma ya kanga yangu mpaka alipopinda kona. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mtu na uso wake kwenye mashine. Yule baba wa mwayo akaja, nikamkabidhi mwanawe. Mdogo wangu alisimama pembeni ya mlango wa ofisi, mikono kifuani, kama mgeni.

Uani akabaki Kidoti peke yake, anachora mchangani kwa kijiti.

Ndipo gari jeupe lenye vioo vyeusi likasimama ng'ambo ya barabara. Akashuka yeye, shati limepigwa pasi, mdoli ule ule mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Adabu ilinitoka kinywani bila ruhusa yangu.

"Safari hii angalia mashine yako. Utaniona."

"Nimekwisha kukuona."

"Basi nifungulie. Kanuni si ni yako?"

Kabla sijafungua mdomo, nikasikia miguu midogo ikikimbia nyuma yangu.

"Baba wa Jumamosi! Bibi, Baba wa Jumamosi amekuja!"

Jumamosi! Kila Jumamosi mdogo wangu humchukua Kidoti kwenda kusukwa nywele. Nilikuwa nikimsifu kwa upendo huo. Nilikuwa nikimwambia mtoto, "Mwambie Bibi Mdogo asante."

"Unamjua huyu, mama?" nikamuuliza mjukuu wangu.

"Eee. Lakini Bibi Mdogo alisema ni siri yetu." Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Bibi, nimeitoa siri. Utanipiga?"

"Sitakupiga, roho yangu. Wewe hujakosa."

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kufika, machozi yanamtiririka.

"Mtoto huyu mdogo umemfundisha kunificha?"

"Sikuanza mimi, Dada. Naapa. Aliyeniomba ni mwanao."

"Mwongo!"

"Ni yeye. Kuanzia zile Jumamosi mpaka picha. Walipatana muda mrefu. Aliogopa kukuambia."

"Mwanangu yuko nchi ya mbali anavunja mgongo kwa ajili ya mtoto huyu. Usimtie kwenye uchafu wako. Neno aliloniachia nalijua."

"Basi mpigie."

"Siku za kazi hapokei."

"Mpigie, Dada. Leo mpigie."

Nikatoa simu. Kwa mkono wa kushoto nilimshika Kidoti. Ufunguo ulikuwa katika tundu la kufuli, haujazungushwa. Yule mwanamume aliacha kutabasamu. Akatazama gari lake, akanitazama mimi, akasema kwa haraka, "Mama, subiri kidogo, tuzungumze kwanza."

Nikabonyeza jina la binti yangu.

Kisha simu ikaanza kuita sikioni mwangu. Na ng'ambo ya barabara, ndani ya gari jeupe lenye vioo vyeusi vilivyofungwa, mtoto mchanga akaanza kucheka. Kicheko cha kutekenywa. Kikakatika, kikaanza tena, kikakatika, kikaanza tena.

Sasa nikajua Ijumaa ile mdogo wangu alikuwa anawahi kumpokea nani.

Kidoti akanivuta kanga, uso umemng'aa.

"Bibi, sikia! Si mimi yule? Ni mimi ninacheka mle garini!"

Kicheko kiliendelea. Mlango wa gari haukufunguka. Na kiganja changu kilikuwa bado juu ya ufunguo.

Msomaji mpendwa, ukilimaliza gazeti hili usilifungie sabuni wala usiliache kwenye benchi. Mpelekee mama unayemjua anayelea mjukuu, umsomee kama bado hajajifunza kusoma, na umwombe naye ampitishie mwingine. Huenda miongoni mwao yumo atakayeniambia mkono ule ulipaswa kuzunguka upande gani.